Kula Upepo: Ladha, Ufuo na Deni la Mwenye Raha

Mswahili anapotoka nyumbani alasiri akaelekea pwani bila shughuli maalumu, husema anakwenda kupunga upepo. Mmalay aliye katika hali hiyohiyo husema makan angin, yaani kula upepo. Mhindi husema hawa khana, kula hewa. Mthai naye husema kin lom, kula upepo, na mara nyingi huongeza chom wiu, kutazama mandhari. Lugha hizi nne hazina ukoo mmoja. Kinachowaunganisha wasemaji wake ni pepo za msimu, zile zile kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi na mitepe kwa karne nyingi. Kiswahili hakikuutia upepo mdomoni kama wenzake, lakini kimekubaliana nao katika jambo moja: kukaa kando ya maji na kupokea upepo ni tendo lenye jina lake, na mtu akilitaja haulizwi anakwenda kufanya nini.

Upepo huu ndicho chakula pekee cha matembezi ya pwani kisichouzwa. Vingine vyote vina bei: mihogo ya kukaanga, mishkaki, madafu, na siku hizi, kuanzia Muscat hadi London, sahani ya tambi za Kithai au bakuli la mchuzi wa kijani wenye tui zito. Mtu wa ughaibuni anavifurahia vyote viwili, chakula na ufuo, na aghalabu huviweka katika fungu moja la starehe. Akilipa bili yake, huona amemaliza. Katika makala haya ninataka kuvitenganisha. Ninadai kwamba ladha na ufuo ni raha za namna mbili tofauti kimaadili, kwamba deni la anayefurahia moja si deni la anayefurahia nyingine, na kwamba kuzichanganya kuna gharama ambayo wanailipa watu wengine, tena mara nyingi ni ndugu zetu wenyewe.

Tuanze na chakula, maana ndipo mjadala wa sasa ulipo mkali zaidi, ingawa kwa maoni yangu si ndipo penye hatari kubwa zaidi. Msomaji atakuwa amekwisha kusikia swali hili katika kumbi za vyuo vikuu: je, mtu asiye Mthai anayo haki ya kupika, kuuza, kurekebisha na kusifia chakula cha Kithai? Je, huko si kunyakua urithi wa wengine? Swali hili linasimama juu ya dhana kwamba chakula kina mwenyewe mmoja, na kwamba asili yake ni safi. Tukiifungua sufuria na kuangalia kilichomo, dhana hiyo inaanza kulegea.

Chukua som tam, saladi ya papai bichi linalotwangwa kinuni, chakula kinachoambatana na matembezi ya pwani nchini Thailand kama mihogo inavyoambatana na matembezi yetu. Papai asili yake ni Amerika. Pilipili pia, nazo karanga zinazomwagiwa juu yake vilevile. Wareno walifika Ayutthaya mwaka 1511, miaka michache tu baada ya kufika Malindi mwaka 1498, na katika karne zilizofuata mazao ya Amerika yakaenea pande zote mbili za bahari. Kabla ya hapo ukali wa vyakula vya Siam, sawa na vya kwetu, ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi. Au chukua pad thai, sahani inayobeba jina la taifa zima. Tambi zake zina asili ya Kichina. Ilienezwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu aliyeingia madarakani mwaka 1938, katika kipindi ambacho nchi ilibadilishwa jina kutoka Siam kuwa Thailand, mwaka 1939. Ilikuwa sehemu ya mradi wa kujenga utaifa. Uchachu wake unatoka kwenye ukwaju, na mkwaju ni mti wa Afrika ya kitropiki ambao Waarabu waliuita tende ya India. Kwa hiyo Mswahili anayekula pad thai jijini London anakula, pamoja na mengine, tunda la bara lake lililozunguka dunia na kumrudia likiwa limevaa jina la kigeni.

Mfano unaogusa zaidi ni massaman. Jina la mchuzi huu linadhaniwa kutokana na neno Musulman, yaani Mwislamu, na sahani yenyewe inahusishwa na wafanyabiashara wa Kiislamu waliofika Siam kutoka Uajemi, India na nchi za Kimalay. Ndani yake mna iliki, mdalasini, karafuu, bizari ya pilau, viazi na tui la nazi. Mpishi wa Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa kuipenda. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya uzamivu, sisi wanafunzi wa pwani tulijikuta mara kwa mara katika mikahawa ya Kithai bila ya kupanga, na sababu haikuwa kupenda mambo mapya. Tulikuwa tunafuata tui, na mchaichai, ambao kwetu unatiwa kwenye chai na kwao unatiwa kwenye mchuzi. Tulikwenda ugenini wa watu wengine kutafuta harufu ya jikoni kwetu.

Wala tusijidanganye kwamba sahani yetu ni safi kuliko yao. Muhogo unaokaangwa ufukweni Coco Beach, Dar es Salaam, umetoka Amerika Kusini. Pilipili inayonyunyiziwa juu yake imetoka bara hilohilo. Ndimu inayokamuliwa asili yake ni pande za Asia ya Kusini-Mashariki, yaani ujirani wa Wathai wenyewe. Ukiwaondolea Wathai kilichotoka mbali, kinu chao kitabaki na samaki na ndimu. Ukituondolea sisi, sinia litabaki na chumvi.

Kutokana na hayo ninatoa hoja ya kwanza. Ladha ni mali ambayo haipungui kwa kugawanywa. Mtu akijifunza kupika massaman Manchester, hakuna chungu kilichopungua Pattani. Serikali ya Thailand yenyewe imelielewa hili vizuri: mwaka 2002 ilikuwa na mpango rasmi wa kuongeza mikahawa ya Kithai duniani kutoka takriban 5,500 hadi 8,000, na baadaye ikaanzisha alama ya kuthibitisha mikahawa inayopika vizuri. Desemba 2024 UNESCO iliingiza tomyam kung, supu ya kamba ya Kithai, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Taifa hili linaualika ulimwengu mezani pake na kufaidika kwa mwaliko huo.

Je, mlaji hadaiwi chochote basi? Anadaiwa, lakini deni lake lina mipaka inayojulikana. Anadaiwa bei ya haki kwa kazi ya mpishi na mwosha vyombo, ambao mara nyingi ni wahamiaji kama yeye. Anadaiwa kutaja chakula kwa jina lake na kutojifanya mgunduzi wa kilichogunduliwa zamani. Na anadaiwa adabu ya mgeni mezani, ambayo kila mtoto wa Kiswahili alifunzwa kabla ya kufunzwa kusoma. Madeni haya yanalipika, na mtu anaweza kula, akalipa, akashukuru, akaondoka akiwa na dhamiri nyeupe.

Ufuo hauko hivyo. Mapishi ya Pattani yanaweza kupikwa Manchester, lakini mchanga wa Paje hauwezi kutandikwa kwingine. Ufuo una urefu wake, na hatua iliyozungushiwa ukuta ni hatua iliyoondoka mikononi mwa wengine. John Locke, katika hoja yake mashuhuri ya mwishoni mwa karne ya 17 juu ya asili ya umiliki, alikubali kwamba mtu anaweza kujichukulia sehemu ya kilichokuwa cha wote, lakini kwa sharti: awaachie wengine kiasi cha kutosha na chenye ubora uleule. Sharti hilo halimsumbui anayejichukulia ladha. Kwa anayejichukulia ufuo halitimiziki, kwa kuwa hakuna ufuo wa akiba nyuma ya ule aliouchukua.

Wanasheria wa kale waliliona jambo hili. Taasisi za Justinian, za mwaka 533, zilihesabu hewa, maji yanayotiririka na bahari kuwa vitu vya watu wote kwa sheria ya maumbile, na kwa sababu bahari ni ya wote, zikauhesabu ufuo wake pia. Mapokeo ya Kiislamu nayo yanawahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Mapokeo haya mawili, ya Rumi na ya Bara Arabu, yanakutana kwenye wazo moja: kuna vitu ambavyo kuvizuia ni dhuluma hata kama mzuiaji ana karatasi. Sheria za leo zinafuata mkondo huohuo. Kifungu cha 1304 cha sheria ya madai ya Thailand kinautaja ufuo kuwa mali ya umma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inalinda mita 60 kutoka ufukweni.

Mwandishi angeweza kuishia hapo akiwa ameridhika, kama watu wangekuwa wanatembea juu ya vifungu vya sheria. Lakini watu hutembea juu ya njia. Sheria humpa mwananchi mchanga; ukuta wa jirani humnyima kichochoro cha kuufikia. Ukifika hoteli na nyumba za kifahari zimepangana bega kwa bega kwa kilomita kadhaa, mchanga unabaki wa umma kwa jina, na wa wageni kwa matumizi. Mvuvi anayepita na dema lake anaulizwa anatafuta nini. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989, wanawake wanaoinamia kamba zao maji yanapokupwa wanashiriki ufuo mmoja na watalii wanaotaka maji matupu yasiyo na vigingi. Mmoja anapaona pale kuwa shamba, mwingine anapaona kuwa mandhari, na aghalabu sauti ya mwenye fedha ndiyo inayosikika haraka.

Thailand, ambayo sahani zake zimetuonyesha jinsi ukarimu unavyoweza kuenea bila kumpunguzia mtu, inatuonyesha pia jinsi ufuo unavyoweza kumalizika. Maya Bay, ghuba ndogo katika kisiwa cha Phi Phi Leh iliyopata umaarufu kwa filamu The Beach ya mwaka 2000, ilifikia kupokea maelfu ya wageni kwa siku hadi matumbawe yake yakaharibika. Serikali iliifunga mwaka 2018, na ilipoifungua tena Januari 2022 iliweka kikomo cha wageni na kuzuia boti kuingia ghubani. Huko Rawai, Phuket, mnamo Januari 2016 wenyeji wa jamii za wavuvi za Moken na Urak Lawoi walikabiliana na watu wa kampuni iliyodai kuwa na hati ya ardhi, pale njia yao ya kwenda ufukweni na mahali pao pa ibada ilipozibwa. Na mapema mwaka 2024, katika kisiwa hichohicho, wakazi waliandamana kwenye rasi ya Yamu juu ya ngazi za jumba la kifahari zilizoteremka hadi ufukweni. Ilipobainika kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya umma, zikabomolewa.

Iko Thailand nyingine pia, ambayo watalii wengi hawaijui. Bang Saen, mwendo wa kilomita takriban mia moja kutoka Bangkok, ni ufuo ulioendelezwa tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya Wathai wenyewe. Familia huja na watoto na mabibi, hukodi viti vya turubai chini ya miavuli iliyosongamana, huagiza samaki wa kuchoma na som tam kwa wachuuzi wanaopita, na maji yenyewe si ya rangi ya picha za matangazo. Hakuna anayetoka Ulaya kwenda kuyaona. Lakini pale ndipo kin lom inapofanyika kwa maana yake kamili, kama kupunga upepo kunavyofanyika Forodhani baada ya magharibi, au Mama Ngina Drive, Mombasa, siku ya Jumapili, au kwenye mchanga wa Qurum, Muscat, ambako familia hutandika mikeka, na Kiswahili si lugha ngeni hata kidogo.

Hapa ndipo hoja inapotugeukia sisi tulio ughaibuni. Walio Uingereza wanaishi katika nchi ambayo haki ya mtu wa kawaida kukaa kando ya bahari ilijengwa taratibu. Reli ilifika Brighton mwaka 1841. Sheria ya siku za mapumziko ya benki ikapitishwa mwaka 1871. Na hata juzi, mwaka 2009, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka njia ya miguu kuizunguka pwani yote ya England. Tunaitumia haki hiyo bila kuifikiria. Tunashuka kwenye treni na mabegi yetu, tunakaa pale tunapotaka, na haitupitikii kwamba mtu angeweza kutuuliza sisi ni wageni wa nani. Kisha tunarudi nyumbani kwa likizo ya wiki tatu, tukiwa na fedha za kigeni na uchovu wa mwaka mzima, na tunaingia kupitia geti. Tunaketi upande wa ndani wa ukuta na kuagiza chakula, pengine cha Kithai, katika ufuo ambao binamu zetu hawawezi kuufikia bila kusimamishwa na mlinzi. Wengine tunakwenda mbele zaidi: tunanunua kiwanja mbele ya bahari, tunajenga, na ukuta unakuwa wetu.

Sisemi kwamba mtu huyu ni mwovu. Anazo hoja tatu, na zinastahili kusikilizwa. Kwanza, fedha zake zinaleta kazi. Ni kweli, lakini kazi hailipii njia iliyozibwa, kwa sababu aliyepata kazi na aliyepoteza njia huenda si mtu mmoja, na hata wakiwa mtu mmoja, mshahara na haki si vitu vya mizani moja. Pili, atasema ufuo wa umma ni mchafu na wake unatunzwa. Mara nyingi ni kweli pia. Lakini uchafu wa mahali pa wote ni sababu ya kupatunza pamoja. Hatuuzi msikiti kwa kuwa hodhi lake halikusafishwa. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito, atasema amefanya kazi kwa miaka ishirini katika baridi na anastahili kupumzika. Anastahili, bila shaka. Lakini alichostahili ni upepo, na upepo unapatikana bila ukuta. Ukuta unaongeza kitu kingine, nacho ni kutowaona wengine. Hilo linahitaji utetezi wake peke yake, na sijapata kuusikia.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba kila mtu anayo haki ya kuzuru popote duniani, kwa sababu uso wa dunia ni wa wanadamu wote kwa pamoja. Lakini haki ya kuzuru si haki ya kukaa, na aliwashutumu Wazungu wa zama zake walioichukulia ziara kuwa ruhusa ya kutwaa. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kulipanga jambo hilo kwa maneno machache: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuutumia usemi huu kumhimiza mgeni afanye kazi. Lakini una maana ya pili: anayetaka kukaa baada ya ziara sharti aingie katika mzunguko wa wajibu wa wenyeji. Anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi yuko katika hali ya ajabu, kwani ni mwenyeji kwa damu na mgeni kwa mfuko. Akichagua kukaa, jembe linamngoja.

Jembe hilo kwa mwenye kiwanja cha pwani si zito. Ni kuacha kichochoro cha upana wa watu wawili na mzigo wao, kukiandika kwenye hati ili mrithi wake asije akakiziba, na kujenga nyuma ya mstari ambao sheria imeuweka. Kwa mwenye likizo ni jepesi zaidi: siku mojamoja aiache hoteli, aende mahali ambapo watu wa mji huo wanakwenda, anunue mihogo kwa mama anayeikaanga, na alipe bei bila kuigeuza paundi kichwani.

Kwa yeyote anayetaka kipimo cha kubeba popote, iwe Phuket, Nungwi au Diani, ninapendekeza swali moja. Mtu anayeniletea sahani hii, je, siku yake ya mapumziko anaweza kuja hapa nilipoketi, na watoto wake, akakaa bila kuagiza kitu wala kuulizwa na mtu? Likijibiwa ndiyo, basi kula, tena kula kwa furaha, iwe tambi au muhogo. Likijibiwa hapana, bili uliyolipa imelipa chakula tu. Gharama ya mahali ulipoketi bado hujaanza kuilipa, na hailipwi kwa mhudumu wa mezani. Inalipwa kwenye mikutano ya kijiji, kwenye ofisi za ardhi, na katika uamuzi wa kila mmoja wetu juu ya mahali pa kuweka ukuta wake.